Maji Kiasi Gani kwa Siku? Mwongozo Kamili wa Kupata Kipimo Chako Ukiwa Mombasa

Kaskazi ikishaingia na joto la Mombasa kupanda hadi nyuzi 32 au 33, watu huazimia upya kunywa maji. Chupa kubwa inanunuliwa, glasi nane zinahesabiwa, na siku mbili tatu mambo yanakwenda. Halafu wanaacha. Tumbo limejaa, usiku hakulaliki kwa safari za chooni, na ikifika saa tisa alasiri kichwa bado kinauma vilevile.

Hao si wavivu. Glasi nane ni idadi isiyomjua anayekunywa: haijui kama una kilo 50 au 95, wala kama unashinda ofisini chini ya kiyoyozi au unasukuma mkokoteni katika soko la Kongowea. Tena mapendekezo mengi yameandikwa kwa watu wa hewa ya wastani, hayakuhesabu unyevu wa Pwani. Jasho hupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi. Hewa yetu imeshiba maji, kwa hiyo jasho linatiririka bila kukauka, mwili haupoi, na unazidi kutoa jingine. Mtu anaweza kupoteza maji mengi hapa akiwa amekaa kivulini tu.

Ukifuata hatua hizi utapata kipimo chako mwenyewe ndani ya wiki moja. Hesabu yake ni nyepesi. Kazi iko kwenye hatua ya tano na ya sita, na hizo ndizo watu wanazoziruka.

## Wasioutumia mwongozo huu

Mwenye ugonjwa wa figo, mwenye moyo uliodhoofika, mwenye ini bovu na tumbo linalojaa maji, na anayemeza vidonge vya kukojoza: kiasi chako unapewa na daktari wako. Usikipandishe kwa sababu umesoma mahali kwamba maji ni mazuri. Kwako yanaweza kujaa miguuni na kwenye mapafu.

Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi maji kabisa, hata joto likiwa kali namna gani. Shirika la Afya Duniani linasema maziwa ya mama pekee yanamtosha, kwani sehemu kubwa ya maziwa hayo ni maji. Anayestahili kuongezewa bilauri hapo ni mama.

Anayeharisha au kutapika naye hahitaji hesabu hizi kwa sasa. Anahitaji maji yenye chumvi na sukari: pakiti ya ORS, au lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, si vya kilima. Usikadirie chumvi kwa mkono. Ikizidi inadhuru, hasa kwa watoto.

## Vitu vya kuwa navyo

- Mizani ya dijitali inayoonyesha hadi gramu 100. Kama huna nyumbani, uliza duka la dawa lililo karibu nawe.
- Chupa ya nusu lita ya maji ya dukani. Hiyo ndiyo itakuwa kipimo chako.
- Bilauri na kikombe unachotumia kila siku.
- Kopo la plastiki linaloonyesha ndani, la kuangalia rangi ya mkojo. Liwe la kazi hiyo tu.
- Daftari na kalamu, au simu.

## Hatua ya 1: Hakikisha maji yenyewe yanafaa

Visima vingi vya kisiwani na vya karibu na ufuo vina chumvi, na mara nyingi vyoo vya shimo haviko mbali. Wengi wetu tunachemsha maji hayo tukidhani tumemaliza kazi. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini chumvi haiondoki. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi inabaki kwenye sufuria na ladha inazidi. Ukinywa maji ya namna hiyo, figo zinatumia sehemu yake kuitoa chumvi uliyoinywa, ndiyo maana kiu haikatiki. Kama wewe ni mtu wa shinikizo la damu, una sababu ya pili ya kuyaacha.

Maji ya chumvi yawe ya kuoga na kufulia. Ya kunywa yawe ya bomba, au ya mtungi kutoka kwa muuzaji unayejua anakoteka. Yachemshe hadi yatokote sawasawa kwa dakika moja nzima, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na usubiri nusu saa. Kisha yaweke kwenye chombo chenye kifuniko na uteke kwa jagi lenye mkono. Kikombe kinachotumbukizwa na vidole vya kila mtu kinayarudisha maji yalikotoka.

Umefaulu ikiwa: maji hayana ladha ya chumvi, yamefunikwa, na hakuna mkono unaoyagusa.

## Hatua ya 2: Pima vyombo vyako

Jaza chupa ya nusu lita, kisha mimina kwenye bilauri yako na uone zinajaa ngapi. Bilauri za nyumbani zinatofautiana mno. Moja inachukua mililita 200, nyingine 350. Ukizihesabu nane bila kujua ni zipi, unaweza kukosea kwa zaidi ya lita nzima. Kikombe cha kahawa tungu ni kidogo sana, vinaingia vingi kwenye nusu lita.

Andika: bilauri yangu ni kiasi hiki, kikombe changu cha chai ni kiasi hiki. Basi.

## Hatua ya 3: Tafuta msingi wako

Zidisha uzito wako kwa mililita 35. Kama una uzito uliozidi sana, tumia 30, kwa kuwa mafuta ya mwili hubeba maji machache kuliko misuli.

- Kilo 50: mililita 1,750
- Kilo 70: mililita 2,450
- Kilo 90: mililita 3,150

Haya ni maji yote, pamoja na yaliyo ndani ya chakula. Chakula huchangia takriban sehemu moja ya tano, kwa hiyo iondoe. Mtu wa kilo 70 anabaki na karibu lita 2 za kunywa, na wa kilo 50 anabaki na lita 1.4.

Hapa ndipo watu wengi hupotezwa na takwimu za nje. Marekani ilitangaza mwaka 2004 lita 3.7 kwa mwanamume na 2.7 kwa mwanamke. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula, mwaka 2010, ikasema lita 2.5 na lita 2. Zote mbili zinajumuisha maji ya chakula na vinywaji vyote. Tena zile za Marekani zimejengwa juu ya kiasi ambacho watu wa huko walionekana kutumia, si kiwango cha chini ambacho bila hicho mtu ataugua. Anayesoma 3.7 akakimbilia kunywa lita nne za maji matupu juu ya chai, uji na mchuzi hakuielewa ile namba.

Vinavyohesabika: maji, chai, kahawa, uji, maziwa, supu, dafu, juisi ya ukwaju au ya mabungo. Ndiyo, na kahawa pia. Kafeini huongeza mkojo kidogo, lakini sehemu kubwa ya maji ya kikombe hubaki mwilini. Soda na juisi tamu nazo ni maji, ila sukari yake ni nyingi. Usizitumie kujaza kipimo.

Kuhusu chakula: wali uliopikwa, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, na ugali hali kadhalika. Tikiti, tango, machungwa na mchicha ndiyo zaidi. Vikavu ni mkate, mahamri, krips za muhogo. Kama siku yako ni mahamri asubuhi na viazi karai mchana, usiondoe sehemu ya tano. Ondoa sehemu ya kumi tu.

## Hatua ya 4: Pima jasho lako

Msingi wa hatua ya tatu ni wa mtu asiyetoka jasho jingi. Sasa tunaongeza la kwako.

Chagua siku ya kawaida na saa mbili za kazi yako ya kawaida. Saa moja haitoshi, kwani mizani hukosea kidogo na kosa hilo litaonekana kubwa.

1. Nenda chooni kwanza. Jipime ukiwa na nguo nyepesi kavu, kanga au kikoi kinatosha. Andika uzito.
2. Fanya kazi yako saa mbili. Andika kila mililita unayokunywa. Usile, na ukiweza usiende chooni.
3. Jifute jasho kwa taulo, vua nguo za kazi, vaa ile ile kanga kavu, jipime tena.

Kubadilisha nguo si jambo la hiari. Shati lililolowa hapa Mombasa halikauki mwilini, na jasho lililo ndani yake lina uzito. Ukipanda nalo mizani, jasho lako linarudi kwenye hesabu kana kwamba halikutoka.

Kilo moja iliyopungua ni sawa na lita moja. Jumlisha uzito uliopungua na maji uliyokunywa, kisha gawa kwa mbili upate jasho la saa moja.

Tuchukue fundi mwashi wa Kisauni mwenye kilo 70. Saa tatu asubuhi mizani inasoma 70.0. Anafanya kazi juani, anakunywa nusu lita, saa tano inasoma 69.3. Amepungua 0.7, ongeza 0.5 aliyokunywa, jumla lita 1.2 kwa saa mbili, yaani lita 0.6 kwa saa. Kama ana saa nne za namna hiyo kwa siku, jasho ni lita 2.4. Ukijumlisha na msingi wake wa lita 2, anahitaji lita 4.4. Jirani yake mwenye kilo zile zile anayeuza nguo ndani ya duka lenye feni huenda asihitaji hata 2.5. Ndiyo maana hawawezi kupewa ushauri mmoja.

Ukikuta uzito umeongezeka baada ya kazi, ulikunywa kuliko ulivyotoka jasho. Punguza. Ukikuta umepungua zaidi ya asilimia 2 ya uzito wako (kilo 1.4 kwa mtu wa kilo 70), umechelewa kunywa, na uchovu na maumivu ya kichwa ya mchana vinaweza kuwa vimetoka hapo.

Kama huna mizani ya kufaa, anza na makadirio haya: anayeshinda ndani penye hewa baridi asiongeze kitu. Muuza duka au dereva wa tuktuk aongeze nusu lita kwa siku. Mtu wa kutembea mchana kutwa aongeze lita moja. Mwenye kazi nzito juani aongeze nusu lita kwa kila saa ya kazi hiyo. Hatua ya sita itasahihisha.

Anayetoka jasho namna hii anapoteza chumvi pia. Asikimbilie vidonge vya chumvi. Chakula chenye chumvi ya kawaida kinatosha, mradi asiruke mlo wa mchana. Dafu ni zuri lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati jasho hutoa zaidi sodiamu. Mgonjwa wa figo aliepuke mpaka aulize, kwa sababu ya potasiamu hiyo hiyo.

## Hatua ya 5: Gawa siku

Unayo namba. Sasa usiinywe kwa mikupuo miwili. Maji yakiingia mengi kwa pamoja, damu huwa nyepesi kidogo, figo hugundua upesi na kuyatoa. Utakojoa maji meupe saa nne asubuhi na uwe mkavu saa tisa.

Mgawanyo unaofanya kazi: nusu ya kipimo iwe imekwisha adhuhuri, sehemu nne kati ya tano ziwe zimekwisha saa kumi na moja jioni, kilichobaki unywe na chakula cha usiku. Baada ya Isha, mafunda mawili matatu tu kama una kiu. Hivyo ndivyo unavyoponya zile safari za usiku.

Usitegemee kukumbuka. Funga kunywa na jambo ambalo tayari linatokea. Mombasa ina adhana, na uwe Mwislamu au la, unaisikia. Bilauri moja ukiamka, nyingine na chai, mbili kabla ya adhuhuri, moja na chakula, moja alasiri, moja magharibi. Hizo saba za mililita 300 ni lita 2.1. Mwenye kipimo kikubwa aongeze ndani ya saa za kazi yenyewe, si jioni akirudi.

Kwa kazi nzito, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inapendekeza kikombe cha takriban mililita 240 kila dakika 15 hadi 20, na isizidi lita 1.4 kwa saa. Asiyefanya kazi nzito asipite lita moja kwa saa, kwa kuwa figo zenye afya hutoa takriban kiasi hicho. Ukizidisha kwa saa kadhaa, sodiamu ya damu inashuka: kichwa kinauma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, hata degedege. Watu wamekufa kwa hili. Mashindano ya nani atamaliza chupa ya lita tano si mchezo.

Sasa lile ambalo watu wanaona haya kulisema. Kinamama wengi wa masoko ya Marikiti na Kongowea, na madereva wa matatu na tuktuk, wanajua wanapaswa kunywa. Hawanywi kwa sababu choo kiko mbali, kichafu, au cha kulipia. Wanakaa kavu tangu alfajiri hadi jioni, mwaka baada ya mwaka, na hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo na mawe ya figo inaongezeka. Nakuomba usiliache hivi. Jua vyoo viwili unavyoweza kuvitumia, tia pesa ya choo kwenye gharama za siku kama unavyotia ya chakula, na unywe bilauri yako nusu saa au zaidi kabla ya muda ambao jirani anaweza kukushikia meza. Wenye vibanda vilivyopakana wapeane zamu. Kunywa lita moja na nusu kwa mpangilio huo ni bora mara nyingi kuliko kupanga tatu na kunywa nusu.

Umefaulu ikiwa: unakwenda chooni kila baada ya saa tatu au nne mchana, na usiku huamki au unaamka mara moja tu.

## Hatua ya 6: Uliza mwili

Hesabu ni makisio. Mkojo ndio unaoamua.

Usiangalie ule wa kwanza wa asubuhi, huwa mzito kwa kila mtu. Angalia wa pili, na tena wa alasiri. Tumia lile kopo, mahali penye mwanga. Ndani ya choo chenye maji rangi inapungua, na kwenye choo cha giza huoni kitu.

- Manjano hafifu: umepata.
- Manjano iliyokolea: kipimo kimepungua au umekichelewesha.
- Rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa: kunywa sasa. Ikiwa imebaki hivyo ingawa umekunywa vizuri siku nzima, au macho yamekuwa ya manjano, nenda hospitali. Hilo si suala la maji tena.
- Mweupe kama maji siku nzima: unazidisha.

Kuna vinavyodanganya macho. Vitamini B hufanya mkojo uwe wa manjano kali. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huufanya wa chungwa au mwekundu. Biti nazo hutia wekundu. Wekundu bila biti wala dawa hiyo huenda ni damu, na ni safari ya kwa daktari.

Tumia pia mizani: jipime asubuhi baada ya choo, kabla ya kula. Uzito ukishuka ghafla kwa zaidi ya asilimia 1 toka jana, jana hukunywa vya kutosha.

## Hatua ya 7: Rekebisha

Kaa na kipimo siku tatu bila kukigusa. Kisha, mkojo ukiwa umekolea siku mbili kati ya hizo tatu, ongeza mililita 250 na uziweke kabla ya adhuhuri. Ukiwa mweupe wakati wote, punguza 250. Ukiwa sawa mchana lakini unaamka usiku, usibadilishe kiasi, sogeza saa. Angalia tena siku tatu.

Mwisho wa wiki andika kipimo chako kwa chupa za nusu lita, si kwa mililita. "Chupa nne na nusu" utaikumbuka sokoni.

## Hali zenye hesabu yake

Ramadhani. Kutoka futari hadi daku una saa kumi na kidogo. Anza na bilauri moja au mbili wakati wa kufuturu, kisha bilauri moja kila saa hadi utakapolala, na mbili wakati wa daku. Kugugumia lita nzima daku ni kuikojoa kabla jua halijapanda. Punguza chumvi ya daku, na kazi nzito ihamishie asubuhi mapema. Mkojo wako wa mchana utakolea, na hilo linatarajiwa. Angalia ule wa saa mbili baada ya kufuturu.

Mjamzito aongeze mililita 300 juu ya msingi, na anayenyonyesha aongeze 700. Njia rahisi kwa mama anayenyonyesha ni bilauri moja kila mtoto anapokaa titini.

Wazee. Kiu hupungua na umri, kwa hiyo babu anayesema hana kiu huenda anasema kweli na bado amekauka. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi, bila kusubiri aombe. Uji na supu vinamwingia kwa urahisi kuliko maji.

Aliyewahi kupata mawe ya figo analenga kutoa angalau lita 2.5 za mkojo kwa siku. Pima mkojo wa saa 24 mara moja kwenye chupa zilizopimwa, ujue uko wapi.

Kiu isiyokatika pamoja na kukojoa sana na kupungua uzito: pima sukari kabla ya kuendelea na mwongozo huu.

## Ukiona haya, acha hesabu

Mtu aliyekuwa juani akaanza kuongea yasiyoeleweka, kuyumba au kuzirai, na mwili wake ni wa moto, huo ni mshtuko wa joto, awe anatoka jasho au la. Mpeleke kivulini, mwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu, na mtafutie gari la hospitali wakati mnaendelea kumpoza. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, maji yataingia kwenye mapafu.

## Kupima tena

Kipimo cha Februari kitakuwa kikubwa mno Julai, kusi ikivuma na jasho likipungua. Rudia hatua ya nne mara mbili kwa mwaka, joto linapoanza Desemba na linapopoa baada ya mvua za masika. Rudia pia ukibadilisha kazi, ukiongezeka au kupungua kilo tano, au ukihamia bara. Ukienda Nairobi kwa wiki mbili tu, usipige hesabu mpya: anza na msingi wa hatua ya tatu peke yake na ufuate rangi.